Kamina kwa Kinga

"Kule ni mbali, papa. Kwa kwenda kule, lazima upate kinga."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja muuza makaa, asubuhi yangu ya kwanza mjini Kamina, mbele ya watoto wake wawili na wateja watatu. Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu mtu mzima akikuusia usafiri na kinga, huulizi kinga gani. Mabango ya zahanati yameshatufundisha. Nikainamisha uso, nikasema asante mama, nimeelewa. Akanishangaa. "Sasa unaelewa nini? Kinga njo ile." Akanyoosha kidole. Chini ya mwembe ilikuwa imeegeshwa baiskeli nyeusi ya chuma kizito, magunia mawili ya makaa yamefungwa ubavuni, la tatu limekaa juu kama bwana harusi.

Kinga ni baiskeli. Katanga nzima, upande huu wa Kongo, wanaiita hivyo, na Wabemba wa Zambia wana jina la ukoo huohuo. Nilikuwa nimevuka mipaka miwili nikijiona nakwenda kusikiliza Kiswahili cha watu waliojifunza kwetu, na kabla jua halijapanda nilikuwa tayari nimekaa darasani.

Nilifika Lubumbashi ndani ya lori la binamu yangu, mmoja wa madereva wengi wa Kitanzania wanaokwenda Kasumbalesa na mizigo na kurudi na shaba. Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, kisha foleni ya mpakani, ambayo ina kitabu chake peke yake na sitakifungua hapa. Lubumbashi nikaagana naye, nikapanda treni ya kaskazini. Likasi, Tenke, halafu Lubudi penye saruji, halafu Luena penye makaa ya mawe. Katikati ya vituo ni miombo tu, miti ya kimo kimoja hadi upeo wa macho, na vichuguu vyekundu virefu kuliko mtu. Nilikaa karibu na mwalimu mstaafu aliyekuwa akirudi kwao Kamina. Alinipima Kiswahili changu kwa dakika tano, akatabasamu. "Unasema kama redio," akaniambia. Sikujua kama ni sifa.

Bukama reli inateremka bondeni na kuvuka Lualaba, mto ambao huko mbele kaskazini utaitwa Kongo. Treni iliposimama wachuuzi walitujaa madirishani na samaki wa kukausha, weusi kwa moshi, wamepangwa kwenye vijiti kama kurasa. Mwalimu alinunua fungu kubwa, akalisukuma chini ya kiti chetu, na kuanzia hapo behewa zima lilijua tumekaa wapi.

Kwa mtu wa pwani, Bukama ni mahali pa kusimama kidogo. Reli kutoka kusini ilifika hapo mwaka 1918 na kwa muda ikawa ndio mwisho wake. Mizigo ilihamia majini, kwa kuwa kuanzia hapo Lualaba inapitika kwa meli. Mto unapanuka, unapotea kwenye mafunjo, unazaa maziwa: Upemba, Kisale, na mengine madogo kwa makumi. Kando ya Kisale kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba hapo wakakuta makaburi juu ya makaburi. Baadaye Pierre de Maret akaendeleza kazi katika bonde hilohilo. Watu waliozikwa humo tangu karne ya 8 walilazwa na vyungu vyao, mapambo ya shaba, majembe na silaha za chuma. Katika makaburi ya karne za baadaye ilionekana misalaba ya shaba, mwanzo mikubwa, kisha midogo zaidi na zaidi hadi ikatosha kufumbatwa kiganjani, kama sarafu. Shaba haitoki ziwani. Ililetwa kutoka kusini, na pengine waliolipa walikuwa wavuvi, kwa samaki wa kukausha kama wale waliokuwa chini ya kiti chetu. Na katika baadhi ya makaburi ya bonde hilo zilipatikana kauri. Kauri hizi za kawaida tunazookota sisi Pangani maji yakitoka, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Hakuna msafara wa Waarabu unaoelezea jambo hilo. Ni kitu kimekwenda mkono kwa mkono, soko kwa soko, na huenda hakuna hata mmoja kati ya walioishika njiani aliyejua mwanzo wake wala mwisho wake.

Kutoka bondeni treni inapanda tena, maana Bukama iko chini ya mita 600 na Kamina iko kwenye uwanda wa mita 1,100 hivi. Karibu na Kamina ndiko unakoanzia mto Lomami, ambao unakwenda kaskazini peke yake, sambamba na Lualaba, hadi kuungana na Kongo kule Isangi. Ndiyo maana mkoa unaitwa Haut-Lomami, Lomami ya Juu. Mkoa wenyewe kama mkoa ni mchanga: ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa vipande vinne, na Kamina ikawa makao makuu ya wilaya tano, au "teritwari" kama wanavyosema wenyewe: Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu.

Mji ni mpana na mwekundu. Barabara zimenyooka kwa rula ya Mbelgiji, miembe imepandwa kwa safu, nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli zina vibaraza vinavyotazamana. Kituo cha reli ndicho mama wa mji huu. Wabelgiji walitaka shaba ya Katanga itoke bila kugusa ardhi ya Waingereza wala Wareno, wakajenga reli kutoka Bukama kwenda Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ikakamilika mwaka 1928. Huko shaba ilipakiwa melini hadi Kinshasa, ikarudi relini hadi Matadi. Kwenye njia hiyo Kamina ilikuwa kituo. Mwaka 1956 ikaunganishwa na Kabalo, na kwa hiyo na reli ya mashariki inayofika Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwalimu alinichorea hayo mavumbini kwa ncha ya mwavuli: huku Kananga, huku Lubumbashi, huku Kalemie. Nikachukua mwavuli nikaendeleza mstari: Kalemie, ziwa, Kigoma, Tabora, Morogoro, Dar es Salaam. Akautazama muda. "Kumbe ulipaswa kuja na njia hii," akasema, "na weye ukazunguka Zambia yote."

Sokoni nilikwenda na mke wake, naye aliendeleza darasa. Ugali ni bukari. Wao huchanganya unga wa mihogo na wa mahindi, ukaja laini na unavutika kidogo mkononi. Kisamvu ni sombe. Mchicha ni lengalenga. Mafuta ya mawese yalipangwa kwenye madumu ya njano, mekundu kiasi cha kufanana na udongo uliokuwa chini yake. Kulikuwa na ndagala, yaani dagaa, viwavi waliokaushwa, karanga, na beseni la munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliochachushwa kwa mizizi ya porini. Nilikunywa vikombe viwili. Kina utamu wa togwa na uchungu kidogo wa mti, na kwa maoni yangu togwa yetu imeshindwa, ingawa nyumbani sitarudia kauli hii.

Kuna Kamina nyingine nje ya mji, na hiyo niliiona kwa mbali tu, simu ikiwa mfukoni kama nilivyoshauriwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga huko kambi kubwa ya ndege za kijeshi, wakaifanya pia shule ya marubani. Ukifuatilia habari za Kongo huru, jina la kambi hiyo linajitokeza kila mara, kwa sentensi moja. Mwaka 1960 Umoja wa Mataifa uliishika, na baadaye ndege za vita za Wasweden, Wahindi na Wahabeshi zilikaa hapo kupambana na Katanga ya Moïse Tshombe iliyotaka kujitenga. Novemba 1964 makomandoo wa Ubelgiji walitua hapo wakitoka kisiwa cha Ascension, na tarehe 24 wakarushwa Stanleyville, Kisangani ya leo. Mwaka 1978, katika vita vya Kolwezi, Wabelgiji wakapita hapohapo tena. Dunia imeijua Kamina kama mahali pa kujaza mafuta. Nilimuuliza Mwalimu wao wakazi walikuwa wapi katika habari hizo. "Tulikuwa tunaangalia juu," akajibu.

Mambo ya chini wanayasimulia kwa sauti nyingine. Wakati wa Tshombe, Waluba wengi wa kaskazini mwa Katanga waliunga mkono Balubakat, chama cha Jason Sendwe, na vijiji viliungua. Miaka ya vita vya baada ya 1998, wanamgambo wa Mai-Mai na wanajeshi walivuruga upande wa Malemba-Nkulu, na maelfu ya watu wakakimbilia Kamina. Kanisa la Methodisti, chini ya Askofu Ntambo Nkulu Ntanda, liliwapokea, na mwaka 2004 likasaidia kuwakutanisha hapo mjini viongozi wa Mai-Mai na wa serikali. Mwalimu alinieleza hayo tukitoka ibadani Jumapili, kwa kifupi, kisha akabadilisha mazungumzo. Sikumrudisha.

Alichopenda kusimulia ni ufalme wa Waluba. Mama yake mzazi aliishi kijijini, na siku tulipokwenda kumwamkia nilipata hatimaye kinga yangu: kijana alipiga pedali, mimi nikakaa nyuma kwenye keria iliyofungwa mto wa gunia, Mwalimu akatangulia na fungu la samaki. Njia ni mchanga. Tulipishana na vijana wawili wanaosukuma kinga zilizobeba madumu ya mawese, sita kila moja. Hawapandi, hakuna mahali pa kukaa. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani kuurefusha, nyingine imesimamishwa nyuma ya tandiko, na mtu anatembea ubavuni akiongoza kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine, mwili umeinama kama anayefungua mlango mzito. Walikuwa na siku ya nne njiani. Tulipofika kwenye kilima nilishuka bila kuambiwa.

Njiani, Mwalimu alinipa habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu kama upinde wa mvua, aliyekula hadharani na kucheka ovyo. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, ambaye hakukubali kula mbele za watu mpaka ajengewe kizuizi. Akazaa na dada wa Nkongolo mtoto aitwaye Kalala Ilunga. Kijana alipokua shujaa, mjomba akaona wivu. Akachimba shimo, akatia mikuki, akafunika kwa mkeka, akamwalika mpwa wake kucheza ngoma. Hapo Mwalimu alisimamisha kinga yake katikati ya njia ili anionyeshe: kijana anacheza, anausogelea mkeka, na mpiga ngoma anayejua siri anabadilisha mdundo. Anamwonya kwa ngoma tu, mdomo umefungwa. Kalala anachoma mkuki wake kwenye mkeka, unazama, anaruka na kukimbia hadi ng'ambo ya Lualaba kwa baba yake. Anarudi na jeshi, Nkongolo anakatwa kichwa, na kutoka kwa Kalala inashuka bulopwe, damu ya ufalme. Mulopwe, yaani mfalme wa Waluba, hakuonekana akila. Mimi, niliyekuwa nimekula muhindi wa kuchoma juu ya baiskeli mbele ya kijiji kizima, nilifuta mdomo.

Ufalme huo ulitawala sehemu kubwa ya nchi kati ya Lomami na Lualaba, na katika karne ya 19 watoto wa mfalme waligombana hadi ukagawanyika. Leo wapo machifu wawili wakubwa, Kabongo na Kasongo Niembo, na hakuna busara kwa mgeni kuuliza nani mkubwa. Na hapo kwenye ugomvi ndipo sisi watu wa pwani tunapoingia. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyeanzia safari yake Bagamoyo, alifika Kilemba, karibu na makao ya mulopwe Kasongo Kalombo. Akakuta ametanguliwa. Mfanyabiashara kutoka upande wa Zanzibar, Juma Merikani, alikuwa ameshajenga na kukaa, na Cameron anamsifu kwa ukarimu. Upande wa pili alikuwako José Antonio Alves, aliyetoka Angola. Cameron aliona mateka waliofungwa kamba shingoni katika msafara wa Alves. Pembe za ndovu na watu vilitoka, bunduki zikaingia. Baadhi ya maneno yetu yalipita kwenye njia hiyo. Mengine, pengine mengi zaidi, yalikuja baadaye, kwenye migodi na kambi za reli, ambako Mluba, Mbemba na Mlunda walihitaji lugha ya kugombana na msimamizi.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anapeta. Nikapiga magoti nusu kama nilivyoelekezwa na kusema "Eyo Vidye", jibu la heshima, kabla hajanisalimia. Akacheka hadi akaweka ungo chini. Kiluba ndiyo lugha yake, lakini marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, na Kiswahili alikipata kambini akiwa mwari.

"Weye njo Mungwana?" akaniuliza.

Nikasema natoka pwani.

"Bankambo betu baliwaogopa bangwana," akasema, bila ukali, kama anayetaja hali ya hewa ya zamani. Kisha: "Ikala, mwana. Bukari iko karibu."

Nilikuwa nimemwomba Mwalimu amuulize kuhusu lukasa. Nilijua picha zake: kibao cha mti kinachotosha mkononi, kimebanwa kiunoni kama mwili wa mtu, kimepigiliwa shanga na vipande vya chuma, ambacho wanachama wa mbudye, chama cha watunza historia, walikisoma kwa kupitisha kidole huku wakisimulia wafalme, njia na maziwa. Vilivyo maarufu viko makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kimoja kipo Brooklyn. Mwalimu mwenyewe hajawahi kushika hata kimoja. Bibi alisikiliza, akasema mambo ya mbudye si ya kusemwa na mtu asiyeingia, na yeye hakuingia, ingawa wako wanawake walioingia. Tukanyamaza. Halafu akachukua ungo wake.

Akasawazisha mahindi kwa kiganja. Akatoa haragwe moja kutoka kwenye fundo la kitenge, akaliweka katikati. "Mulopwe." Akalizungushia punje za mahindi, moja moja, zimegusana. "Batu bake." Kisha akaburuta kidole kutoka hapo, akaacha mfereji hadi ukingoni mwa ungo. "Njia." Akafunga macho, akaanza upya kwa vidole vyake vitatu, akipapasa kwa upole haragwe, duara, mfereji, na midomo yake ikawa inasema kitu kwa Kiluba ambacho Mwalimu, nilipomtazama, hakukitafsiri. Mwisho akautikisa ungo mara mbili. Mahindi yakarudi kuwa mahindi.

Tulikula bukari na samaki wa Bukama, mimi nikigeuka kidogo ukutani kwa ajili ya Mbidi Kiluwe, jambo lililowafurahisha watoto. Baada ya chakula Bibi aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na kitambaa. Ndani yake kulikuwa na uzi mweusi wa zamani, na kwenye uzi kauri. Zilitoka kwa bibi wa bibi yake. Migongo yake ilikuwa imelika hadi imekuwa laini kama jino, rangi ya maziwa ya jana.

Nikamwambia kwamba hizi ni za kwetu. Zinatoka baharini.

"Bahari ni kama Kisale?"

"Kubwa zaidi. Ng'ambo haionekani."

Alitafakari hilo bila kuonyesha kwamba ameliamini. Nikaendelea, nikasema sisi tunaziokota bure mchangani, watoto wanachezea. Hapo akaacha kutazama uzi akanitazama mimi, na mwanawe naye akageuka.

"Bure?"

"Bure."

Akazihesabu kwa kidole gumba, akizisukuma moja moja kwenye uzi: zilikuwa tisa. Kisha akanionyesha sehemu ya uzi iliyobaki tupu, inayong'aa kwa kusuguliwa.

"Basi ukirudi," akasema, "uniletee tatu."